Basi la Saa Tisa

Nadine, uko? Nimejifungia ndani ya gari hapa nje ya shule, sitaki kuonana na mtu.

Unaujua ule mpango wangu wa watoto kubaki baada ya masomo, wafundishwe muziki na hesabu? Leo nimesimama mbele ya wazazi nikajigamba: ni bure, mlango uko wazi kwa kila mtoto. Wakanipigia makofi, mwenzangu!

Halafu Earlene, yule dereva wa basi la shule, akanyoosha mkono. Kwa upole kabisa: "Mwalimu, wanatoka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili.

"Basi langu linaondoka saa tisa. Halirudi tena."

Halirudi tena!

Nikafungua orodha ya waliojiandikisha palepale. Watoto sitini, na wa ng'ambo ya reli, wanaotegemea basi hilo kufika kwao, hakuna hata mmoja. Hata mmoja, Nadine! Na orodha hiyo naisaini mwenyewe kila Ijumaa tangu Septemba.

Nimechoka mpaka mifupa. Mkutano ulipoisha nikamfuata Earlene nimwombe radhi. Akanishika bega.

"Kumbe hamkujua? Sisi wa ng'ambo ya reli tulidhani mmekusudia."