Mama Mkwe, Haikuwa Kamba

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimechutama, uso nimeugeuzia pembeni, kama ulivyonizoea. Najua hatua zilizo kati yetu sasa zimezidi zile kumi za kimila, lakini adabu ni ileile. Sitaki useme Geita imeniharibu.

Utashangaa kuniona na kalamu. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, tusigombane. Ila dunia nimeisoma. Mwanza nimefika mpaka nikachoka kufika. Tabora nimekwenda kwa treni. Dar es Salaam nimekaa siku nne, na hakuna aliyenitapeli isipokuwa wawili. Nimezungumza na Wahindi, na Waarabu, na Mzungu mmoja mwenye ramani ambaye hakuelewa neno langu hata moja na bado tuliagana kwa kucheka. Mtu mmoja tu sikupata kuzungumza naye uso kwa uso: wewe uliyenizalia mke. Na ndiwe mwenye jibu ninalolitafuta.

Swali nalisema mapema, nisije nikajificha nyuma ya maneno, maana najijua. Siku ile ya Pamba, uliposema umekuta kamba tumboni mwake, ulikuta kamba kweli?

Barua hii nitaisoma mbele za watu, kwa hiyo niwaeleze wasiomjua. Pamba alikuwa ng'ombe mweupe pepepe, mmoja wa wale niliotoa kumuoa binti yako Nyamizi, ambaye leo ni Mama Kulwa. Mila yetu inasema mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani, hawatazamani, hawali pamoja. Sasa mimi mdomo wangu hauna mlango, na wewe, nilikuja kujua, wako ulikuwa hivyohivyo. Tufanyeje? Nilipokuja kwenu Tinde nilikaa nje ya ua wa minyaa, wewe ulikaa ndani ukimkamua Pamba, na Pamba ndiye aliyepokea maneno.

"Pamba," ulisema, "mwambie mkwe amekonda. Huko kwenye mashimo ya dhahabu wanakula mawe?"

Na mimi huku nje: "Pamba, mwambie Mama nimekonda kwa sababu ya kumkumbuka binti yake."

"Pamba, mwambie aache uongo, binti mwenyewe yuko naye hukohuko."

Nyamizi alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. Ng'ombe naye anacheua tu, kama hakimu.

Mama, wewe ulinishangaza toka siku za kwanza, na mshangao wenyewe ulianzia jalalani. Usiniulize nilikuwa nafanya nini jalalani kwa mkwe. Mimi ni mchimbaji, nikiona shimo lazima nichungulie. Na mchimbaji anaweza kumsoma mtu kwa shimo lake. La kwenu lilikuwa na kigae cha chungu na unyayo wa kuku. Basi! Nikajiuliza, watu hawa hawaishi? Majivu mnapeleka wapi? Nikayakuta kwenye mchicha. Mabua ya mtama yalikuwa kuni, kopo la maziwa lilikuwa koroboi, gunia lililotoboka lilikuwa mkeka wa kuanikia michembe ya viazi, na tairi la gari, ambalo sijui lilifikaje, lilikuwa miguuni mwa Baba mkwe. Mafuta ya taa mliyafuata na chupa ileile aliyoitumia mama yako. Nilirudi nyumbani Kalangalala, kule Geita, nikamwambia Nyamizi, "Kwenu ni maskini sana, hawana hata takataka." Akanitazama, akasema, "Kwetu hatuna cha kutupa. Si jambo moja na kutokuwa na kitu." Sikuelewa. Nilidhani ananijibu kwa hasira tu.

Nikaamua kuwaletea maendeleo.

Unalikumbuka lile dumu la plastiki la njano? Enzi hizo lilikuwa ajabu, jepesi kama unyoya, na nilitembea nalo kichwani toka barabarani nikipitia nyumba za watu ambazo hazikuwa njiani. Nikampa Pamba ujumbe: "Mwambie Mama vibuyu vimepitwa na wakati. Chombo hiki hakivunjiki, hakiozi, kinafanya kila kazi ya kibuyu." Kila kazi! Ndivyo nilivyosema, mimi mjuzi. Na kazi ya kwanza ya kibuyu cha maziwa ni kufukizwa. Kila mama wa kwetu anajua: unaosha, unatia kijinga cha moto, unatikisa, moshi unaingia, maziwa hayaharibiki. Basi nawe ukaosha dumu vizuri, ukatia kijinga, ukatikisa.

Harufu ile niliisikia nikiwa nje ya ua. Nikasikia na sauti yako, ya upole kabisa:

"Pamba, mwambie mkwe mgeni wake ameota moto kidogo, akafa."

Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Lakini funzo? Funzo sikulichukua. Niliona kosa ni la kile kijinga cha moto, kumbe kosa ni la mdomo wangu.

Ndiyo maana safari iliyofuata nilikuja na mifuko ya nailoni. Ilikuwa ndiyo kwanza inaingia Mwanza, ile yenye mistari ya bluu. Wauzaji walikuwa wamezoea kufunga sukari kwa gazeti, na ukitaka mafuta ulete chupa yako. Mfuko wa namna ile mtu alikuwa anautundika ukutani kama picha. Mimi nilinunua rundo. Chumvi nikatia kwenye mfuko wake, sabuni wake, sukari wake, hata kiberiti kimoja nikakipa mfuko. Nilitaka muone mkwe wenu ni mtu wa aina gani. Mlifungua, mkashukuru, "wabeja, wabeja," na mifuko, ambayo hamkujua bado kazi yake, ikaachwa uani, na upepo wa Tinde mnaujua. Kufikia jioni ilikuwa imening'inia kwenye miiba yote kama nyangenyange.

Kesho yake asubuhi nilimwona Pamba anatafuna mmoja. Ule wa chumvi. Si unajua ng'ombe na chumvi? Alikuwa anaulamba, anauvuta, halafu ukazama wote. Nilimwona, Mama. Na unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia shemeji yangu, "Ng'ombe wa mahari yangu ni wa kisasa, anakula vya mjini."

Hakuwa ameula mmoja tu. Alikula iliyokuwa kwenye miiba, alikula ya jalalani, na mimi kila nilipokuja niliongeza mingine. Miezi ilipita. Nilipofika mara ile ya mwisho nilimkuta amelala, tumbo limevimba upande, hacheui tena. Baba mkwe akaona heri achinjwe kabla hajafa mwenyewe. Na alipokwisha kuchinjwa, Baba mkwe akainua fimbo akasema maneno ambayo hayakufutika haraka: "Huyu kalishwa sumu. Ni Masanja."

Masanja jirani yenu, ambaye Pamba aliwahi kuingia shambani kwake akala viazi. Mtu mliyepeana naye moto na chumvi miaka yote. Wanaume wakaanza kukusanyika. Mimi nilikuwa nje ya ua, na ndani ya kichwa changu kulikuwa na mfuko mmoja wa mistari ya bluu, unazama, unazama. Ulimi huu ambao haujawahi kushindwa na soko, siku hiyo ulilala kama mbwa aliyeshiba.

Wewe ulikuwa umekwenda nyuma ya ghala kusafisha utumbo, peke yako. Ulikaa muda mrefu. Halafu nikasikia unarudi, na sauti yako haikuwa na haraka.

"Weka fimbo chini, Baba Nyamizi. Masanja hana kosa. Nimekuta kamba ya katani. Ni yangu, niliiacha nje nilipotoka kuteka maji."

Kisha Baba mkwe: "Kamba! Mama Nyamizi, umeniulia ng'ombe kwa uzembe wa kamba?"

"Nimekuulia."

"Mwanamke mzima!"

"Ndiyo, mwanamke mzima."

Na mimi nilishusha pumzi. Sikutaka kuliandika hili, lakini naliandika. Nilishusha pumzi, nikasema moyoni, ahaa, kumbe ilikuwa kamba. Tena jioni ile, huku wanaume wanakula nyama, niliwahutubia juu ya ubaya wa kuacha kamba ovyo. Nilihutubia vizuri sana. Wewe ulikuwa ndani, unasikia.

Pamba hakuwepo tena kupokea maneno, na kwa muda mrefu sikupata ujumbe wako. Mpaka siku moja Nyamizi alirudi kutoka Tinde na kikapu cha milala, kipya, kimesukwa kikasukika, kitako chake kinene cha ajabu. Akasema, "Mama anasema ukienda mjini nenda nacho. Kikijaa, basi. Kisichoenea humu hakikuwa cha nyumbani."

Nilinuna siku mbili. Mwanaume na kikapu! Pale machimboni wenzangu walinipokea kwa shangwe: "Baba Kulwa, leo unapika nini?" "Mama Ntilie wetu, wali uko wapi?" Lakini mkwe akikupa kitu hukikatai, kwa hiyo nikakibeba, na kwa kuwa nilikibeba nikaona nikisifie. Nikawaambia kikapu hiki ni cha gharama, Dar es Salaam mabwana wakubwa wanavyo. Wawili wakaenda kuwaomba wake zao wawasukie.

Na kidogo kidogo, Mama, nikaanza kuona mambo. Ukiwa na kikapu, mwenye duka hana haja ya kukupa mfuko. Chupa ya mafuta inasimama pembeni, chumvi inakaa kwenye kopo lake, karanga kwenye kitambaa. Nyamizi akarudisha kibuyu ndani ya nyumba yangu bila kuniuliza. Siku moja nilikwenda kuchungulia shimo letu la taka pale Kalangalala, lile ambalo zamani lilikuwa linajaa kila wiki na upepo unagawia majirani. Nikakuta majivu na maganda. Nilisimama pale kama mtu aliyepoteza kitu. Ndipo nikaelewa jibu la Nyamizi la miaka ile, na nilikuwa nimechelewa mno kiasi kwamba niliona aibu kumwambia.

Halafu ukaondoka. Nilipata habari nikiwa shimoni, nikafika Tinde na vumbi la mawe masikioni. Watani walikuwepo, na unajua watani wa msibani hawana huruma. Mmoja alijifunga kitenge chako, akatia kipande cha kamba mdomoni, akatembea kwa magoti huku analia kama ng'ombe: "Mooo, Mama Nyamizi, kamba yako tamu!" Watu wakaangua kicheko. Hata Baba mkwe alitabasamu kwa machozi. Maisha yote uliyoishi bila kupoteza hata uzi, na watu wakakuaga kwa kamba.

Nami nilicheka. Nilicheka kuwapita wote.

Wiki iliyopita kitako cha kikapu kilichanika. Nilikuwa sokoni, viazi vikamwagika, nikakaa chini kukitazama kama kinashoneka. Milala ya juu ilikuwa imekatika, na chini yake kulikuwa na kitako cha pili. Nikavuta. Nilidhani ni kitambaa. Ilikuwa nailoni, imekatwa nyuzi nyembamba, imesokotwa, imesukwa mzunguko kwa mzunguko, imara kuliko milala yenyewe. Imefifia, imekuwa rangi ya maziwa yaliyochacha. Lakini mistari ya bluu niliiona. Hata kipofu angeiona.

Sikuokota viazi, Mama. Watu waliviokota, wakaniuliza nina nini.

Kwa hiyo ulikaa kule nyuma ya ghala muda mrefu kwa sababu ulikuwa unaitoa mifuko yangu tumboni mwake, mmoja mmoja. Uliijua ni ya nani. Kamba uliitoa wapi? Uliichukua ghalani ukaipaka uchafu wa tumbo ili waamini? Na mifuko uliificha wapi, uliiosha mara ngapi, uliikata kwa kisu kipi? Ulikuwa unacheka uliposuka, au ulikuwa unalia? Ulitaka nijue siku moja, au ulifanya tu kwa vile kwako hakuna cha kutupa, hata kilichomuua ng'ombe wako? Nina maswali ya kujaza kikapu, na Pamba wa kuyapeleka hayupo.

Moja tu silihitaji kuuliza tena. Haikuwa kamba. Ungesema ukweli, fimbo iliyomwendea Masanja ingenigeukia mimi, na pengine Nyamizi angerudishwa nyumbani. Ukachukua uzembe wangu ukauita wako.

Jumapili hii ni misa yako ya mwaka. Ndugu wote watakuwepo, Masanja yupo, na yule mtani mwenye kamba nimemtumia ujumbe asikose. Nitasimama nisome barua hii kwa sauti, na mkononi nitashika kile kitako cha nailoni, na nitataka kila mtu akishike. Baba mkwe akiinua fimbo, sitakimbia. Nimekimbia vya kutosha.

Wakishaondoka nitakuja kaburini. Nitasimama hatua kumi, nitachutama, nitageuza uso. Kikapu sitakileta, Nyamizi ameshaanza kukisuka kitako upya, na nyuzi zako, zikishashikwa na wote, amesema zirudi humohumo, hazijachakaa.

Mhola, Mama. Lala kwa amani.

Mkweo mwenye mdomo,
Baba Kulwa