Neno nililolichapa mwenyewe

Uvira, Alhamisi. Mvua ilianza alfajiri, ikanyesha mpaka karibu na mchana, halafu ikaacha ghafla. Sasa jua linachoma matope na hewa nzima inanuka ziwa. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kwa sababu ndani siwezi kukaa.

Ndani yuko mama.

Nilipofungua blogu hii nilijiahidi kwamba hapa sitadanganya, hata kama kwingine nadanganya. Basi nianze na hilo. Leo nimemdanganya mama yangu mzazi ili akubali kitu alichokikataa kwa wiki tatu. Amekikubali. Tangu hapo natamani siku irudi nyuma.

Mama ana ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Mtaani wanamwita Mama Sifa, kwa kuwa Sifa ni mimi, mtoto wake wa kwanza, na ndimi niliyebaki naye. Zamani alikuwa anateremka Makobola kuchukua ndagala, dagaa wa ziwa letu, anawaanika, anawapeleka sokoni, na hakuna mtu aliyeweza kumshinda kwa maneno. Sasa macho yamefifia, hawezi kusoma hata herufi kubwa za kalenda, na nyayo zinamuwaka usiku na mchana. Asubuhi na jioni anajidunga insulini. Friji hatuna, kwa hiyo kichupa kinakaa ndani ya chungu cha mchanga tunaoulowesha maji.

Katika miaka yote hiyo mama hajawahi kukubali kwamba sindano ni ya maisha. Anasema anadunga mpaka siku Mungu atakapomponya. Kila asubuhi, kabla hajashika sindano, anaomba kwamba hii iwe ya mwisho. Kisha anadunga. Jioni anaomba tena, anadunga tena. Mimi mwenye kusoma nilikuwa namcheka moyoni. Lakini sindano hakuwahi kuikosa, kwa hiyo sikuona shida.

Halafu ukaja mpango mpya wa afya.

Zamani insulini ya mama ilitoka kwenye mradi wa wafadhili. Unaenda na kitabu chako, muuguzi anakiangalia, anakupa kichupa, unarudi. Mpango mpya wa serikali unataka kila kitu kipite kwenye orodha moja. Mwenye ugonjwa usioisha anaandikwa, jina linapanda ofisini, na dawa zinateremka kwenye kituo cha mtaa wake, kwa jina lake. Asiyeandikwa atajitafutia kwenye famasi, na famasi za hapa insulini leo iko, kesho haiko. Niliposikia habari hiyo nilifurahi, nasema kweli. Niliona tumetoka kwenye huruma ya watu, tumeingia kwenye haki yetu.

Tena niliona fahari, kwa sababu fomu yenyewe ilipita mikononi mwangu.

Nafanya kazi kwenye sekretaria, kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi pale barabara kubwa. Siku moja akaja mtu wa ofisi ya afya na flashi mkononi. Ndani yake kulikuwa na fomu ya Kifaransa, akaitaka ya Kiswahili, na akaitaka haraka kabla jenereta haijazimwa. Nilipofika kwenye "malade chronique" nikasita. Nilifikiria "ugonjwa sugu", nikaona ni kama kumtukana mtu. Nilifikiria "ugonjwa wa siku nyingi", ndivyo tunavyosema sisi wenyewe, nikaona ni Kiswahili cha sokoni. Nilitaka neno zuri, la kusomwa redioni. Nikachapa: mgonjwa wa kudumu. Na pale chini pa kutia sahihi, palipoandikwa "je reconnais", nikachapa: nakiri. Yule bwana alisoma, akasema binti, Kiswahili unakijua. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Nakiri kuwa mimi ni mgonjwa wa kudumu.

Mtu asiyeingia kanisani atapita hapo bila kukwama. Lakini kwa mama na wenzake wa kikundi cha maombi, kukiri ni kitu kizito. Ulichokikiri kwa kinywa chako umejifunga nacho. Na kudumu ni neno wanalompa Mungu peke yake. Katika sala zao hakuna kingine kinachodumu, si maisha, si nyumba, wala mateso. Mimi nimelelewa kwenye sala hizo hizo tangu nikiwa mgongoni, na siku ile kwenye mashine sikukumbuka hata kidogo.

Wale wajitoleaji wa afya tunaowaita reko walipopita nyumba kwa nyumba, nilikuwa kazini. Kwetu alikuja Aline, msichana wa avenyu yetu hii hii. Akaisoma fomu kama ilivyoandikwa.

"Mama Sifa, weye uko mugonjwa wa kudumu?"

"Minye? Apana! Mwenye kudumu ni Mungu peke yake."

Aline akaweka alama kwenye "hapana", akaaga kwa heshima, akaenda nyumba ya pili. Jioni mama alinisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka naye. Nikasema nitapita kituoni wakarekebishe. Kazi zikawa nyingi, kesho ikawa keshokutwa, nikaliacha likapita. Hilo nalo ni langu.

Orodha ilipobandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya, niliisoma kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu. Mzee wa presha wa nyumba ya tatu yumo. Mama hayumo. Mradi wa zamani ulikuwa umeshafunga kabati lake. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, si mtu mbaya, alinifungulia daftari akanionyesha ile alama. Akasema mama mwenyewe ndiye aliyekataa, na dawa yake ni moja tu: aje atie alama ya kidole kwenye fomu.

Wiki tatu nimembembeleza. Nilimwambia kudumu maana yake ni siku nyingi tu. Akanijibu, "Kama ni siku mingi, uandike siku mingi." Nilirudi kwa titulaire kumuomba hivyo hivyo. Akasema fomu ni moja kwa vituo vyote, imeshagongwa muhuri, yenye maneno mengine ofisini hawaipokei. Ninayo faili ile kwenye kompyuta ya kazini. Naweza kulifuta neno lile mara moja, nikachapa lingine, na haitasaidia kitu.

Katikati ya hayo nikaona dawa ya kichupani haishuki kama kawaida. Nilidhani ni macho yangu. Kumbe mama alikuwa anadunga nusu ili kisiishe upesi, halafu akaanza kuruka jioni. Alikuwa anakunywa jagi zima la maji na bado ulimi umekauka. Jumatatu aliniita kwa jina la dada yake, aliyekufa tangu mimi ni mdogo.

Kwenye benchi la kituo nimeonana na wengine. Mama mmoja wa Nyakabere ana presha, na siku reko walipopita kwake alikuwa shambani. Kijana mmoja ana kifafa, na baba yake aliwaambia reko kwamba nyumba yake haina kitu kama hicho. Sote tunasubiri mtu fulani afungue orodha. Huko ofisini wataona majina ni machache, na pengine watafurahi kwamba wagonjwa wa Uvira si wengi.

Sasa nifike kwenye leo.

Asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha, nilimwambia mama kwamba imekuja karatasi mpya. Alikuwa amelala ubavu, hana nguvu hata ya kushika kikombe. Aliniuliza swali moja tu.

"Ile neno iko mo?"

"Haimo tena, mama. Nimeitoa."

Alinyoosha mkono. Nilikishika kidole gumba chake, nikakipaka wino, nikakikandamiza kwenye karatasi ile ile niliyoichukua kituoni, chini ya maneno yale yale. Alijifuta kwa pindo la kitenge. Akasema asante mutoto wangu, umenitetea.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini nilijipa moyo. Nilijiambia akipata nguvu nitamweleza, tutagombana, itapita. Mvua ilipoacha tukaenda kituoni polepole, ameniegemea, kwa kuwa walisema lazima mgonjwa aonekane.

Sikujua kwamba titulaire husoma kwa sauti.

Ndivyo utaratibu unavyotaka, mtu asije akachukuliwa alama ya kidole kwa hila. Ni utaratibu mzuri, umewekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Benchi lilikuwa limejaa. Alisimama, akasafisha koo, akasoma jina la mama lote, jina la baba yake, kijiji alikozaliwa, halafu akasoma: nakiri kuwa mimi ni mgonjwa wa kudumu. Akanyanyua macho.

"Ni vile, mama?"

Mama aligeuza uso upande niliosimama. Hanioni vizuri, lakini alijua niko wapi. Ningeweza kusema. Ningeweza kuichukua ile karatasi nikaichana mbele yao. Sikufanya hivyo, na nilimwona anaelewa kila kitu. Akisema hapana, benchi zima litajua kwamba Sifa, binti aliyesoma, amemwibia mama yake kidole.

"Ndiyo," akasema. "Ni vile."

Alinifichia aibu yangu. Kile alichonikatalia wiki tatu hata kwa ajili ya uhai wake, alikitoa kwa ajili ya jina langu.

Titulaire aligonga muhuri. Kisha akatueleza kwamba jina litapanda na orodha inayofuata, na dawa itateremka baada ya miezi mitatu kama barabara itakuwa nzuri. Nilimuuliza na leo je. Alinionyesha kabati. Lilikuwa na bandeji na vidonge vya homa. Mimi nilikuwa nimekuja na kitambaa kibichi cha kukifungia kichupa kisipate joto.

Tulirudi amenishika mkono, kwa sababu ya matope, si kwa sababu nyingine. Mama ambaye huwa anasalimia kila mlango alipita nyumba zote ameinamisha kichwa. Nilipomketisha kwenye mkeka nilianza kusema nisamehe, akainua kiganja kidogo tu, kwamba niache. Ningependa anipige makofi.

Na sasa hivi, kabla sijafungua simu kuandika haya, Mama Furaha, jirani yetu, amepita na ndoo yake ya maji, akasalimia juu ya ua kama kila siku.

"Mama Sifa, uko muzima?"

Hapa kwetu jibu ni moja, hata mtu awe kitandani na homa. Unasema niko muzima, Mungu anasaidia, na maisha yanaendelea. Nilimsikia mama anavuta pumzi.

"Apana, Mama Furaha. Minye siko muzima. Sitapona."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Mama Furaha aliitua ndoo chini, akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia matope.

Kwa miaka kumi na mbili sukari ilimla macho, ikamchoma miguu, ikamtoa sokoni, na haikuweza kumtoa neno hilo. Limetoka leo, kwa kidole nilichokishika mimi, kwenye karatasi niliyoiandika mimi, na sikumletea hata tone moja la dawa.

Ninasikia jirani ameingia, wananong'ona. Mama anajibu kwa neno moja moja. Kichupa kimebakiwa na kidogo sana, labda siku nne akidunga sawasawa, na saa ya sindano ya jioni inakaribia. Hajaniita. Nasubiri aniite au nimsikie anaanza kuomba, na sisikii.

Kukipambazuka nitazunguka famasi zote, moja baada ya nyingine, mpaka Kavimvira, mwisho wa mji. Nikibahatika nitarudi na kichupa. Naogopa ataniuliza ni cha kazi gani.