Matundu ya Panya wa Baridi

Jumatatu, 6 Mei
Tasnifu zangu za udaktari zimefika! Maboksi matatu, bado yananuka wino. Jaladani kuna picha yangu ya hadubini: seli za misuli ya kutafuna ya panya wa msituni, zimebanana kama punje za hindi. Za panya walionaswa kiangazi zimejaa. Za panya wa baridi zina matundu. Miaka mitano ya maisha yangu ni hayo matundu! Akiba ya mafuta, ndivyo nilivyoandika, maana panya huguguna magome majira yote ya theluji. Rangi ya mafuta ilikataa kushika, tukasema mafuta yalioshwa tulipokuwa tukiandaa nyama. Ijumaa napigilia tasnifu ukutani kwa msumari, kama kila mtu hapa Uppsala. Baada ya hapo ni ya umma, hairudi kusahihishwa.

Jumanne, 7 Mei
Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi kugandisha nyama. Panya wa kizimbani, hajawahi kuona theluji. Kile kimiminika cha kugandishia kilikuwa kimekwisha, nikatumbukiza msuli wa shavu moja kwa moja kwenye naitrojeni ya maji. Tukakata, tukatia rangi.
Matundu. Yaleyale.
Naitrojeni huchemka, huizunguka nyama kwa gesi inayozuia baridi, nyama inaganda polepole, barafu inazipasua seli. Mwaka wa kwanza tunaambiwa! Na panya wote wa baridi niliwatumbukiza hivyohivyo. Wakati ule pia kimiminika kilikwisha, nikawa na haraka, nikasema potelea mbali. Wa kiangazi niliwagandisha sawasawa. Mungu wangu.

Jumatano, 8 Mei
Nimemwambia Gunvor, msimamizi wangu. Alikuwa anapaka mkate siagi.
“Umejaribu panya wangapi?”
“Mmoja.”
“Mmoja! Kalale, Tuva. Hiyo si sayansi, hicho ni kiwewe. Wiki ya msumari mimi nilitaka kuichoma tasnifu yangu.”
Akacheka. Halafu akainuka, akafunga mlango. Anastaafu Juni, mimi ndiye mwanafunzi wake wa mwisho. Picha hakuitazama. Nimemchukia. Nimejichukia zaidi, kwa sababu nilishusha pumzi.

Ijumaa, 10 Mei
Nimepigilia. Msumari ulipinda mara mbili.
“Miaka mitano na panya, mikono imekuwa ya panya!” akapiga kelele Gunvor. Wenzangu wa maabara wakaangua kicheko, nami nikacheka. Mama alikuja kwa treni toka Kiruna, akalia. Keki ya kijani, vipande viwili. Nilifungua mdomo mara tatu niseme — nikautia keki.

Jumatatu, 13 Mei
Barua pepe toka Tromsø. Eyvind, profesa atakayenihoji siku ya kuitetea tasnifu. Nilisali aligundue kosa! Kweli, niliomba anivue nguo mbele ya watu, yaishe.
Anasema hajawahi kuona matundu mazuri hivyo. Amepata fedha za miaka minne, ameajiri mwanafunzi wa kuyachunguza. Anaitwa Sunniva. Ameshaacha kazi Bergen, amehama na mtoto. Panya wa kwanza wanagandishwa leo saa sita mchana. Ana swali dogo tu: niliwagandishaje wangu, ili Sunniva afanye vilevile?
Sasa ni saa tano na nusu. Gunvor amesimama mlangoni, koti begani.
“Huji kula?”
“Nakuja.”
Sijainuka. Hajaondoka. Anatazama kioo cha kompyuta. Nimeandika, “Habari Eyvind, wa baridi niliwatumbu—