Picha ya kijana wa Kikwe

Sumari, nimeumbuka leo ofisini! Aibu yangu mimi!

Kuna kijana wa kijiji cha Kikwe alifariki. Maabara ilisema alizidisha vidonge vya maumivu, vile alivyoandikiwa na daktari alipovunjika mguu. Mimi kwenye rejista ya vifo nikaandika heroini. HEROINI, Sumari!

Leo kaja mama yake. Nikamwamkia shikamoo; badala ya kuitikia akaniuliza, "Binti, ulisoma majibu, au uliangalia picha yake ya kwenye faili tu?"

Picha tu! Kijana alikuwa na rasta.

Akasema, "Kikwe nzima inasema nimezika teja."

Nimerekebisha mbele yake. Marahaba yangu kaniitikia akiwa mlangoni, anatoka.

Sasa usinicheke. Na wewe una rasta, na karani wa vifo bado ni mimi.