Lucy Anasemaje

Kasulu, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo hapo Rahaleo, na kwamba joto la Mtwara limepungua kidogo. Mimi mzima. Mvua za huku zimetushika kwelikweli, watoto wanafika darasani wamelowa hadi madaftari, lakini tunafundisha hivyohivyo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haipatikani. Nikimpigia Mama anasema uko kazini, na Jumapili uko ibadani. Juzi nikiwa katikati ya kipindi cha darasa la tano, uliingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Elisha Mgaya amekopa na sasa anakimbia deni. Wewe ni mtu wake wa karibu. Mwambie alipe kabla hatujamwanika." Chini yake wameweka picha yako, ile ya kitambulisho cha bandarini. Nilidhani ni matapeli, nikaufuta. Jioni shangazi akanipigia kutoka Njombe, naye kaupata, analia.

Baba, siulizi kwa kukuhukumu. Mimi ni nani? Nataka tu unieleze jambo lilivyo, nilisikie kwako wewe na si kwa watu hao. Nimeituma barua kwa anwani ya kazini ili uipate peke yako.

Mwanao,
Lucy


Rahaleo, 3 Machi 2024

Mwanangu Lucy,

Marahaba, mama. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mama yako magoti yanamsumbua, lakini bado anakwenda Mtawanya kwenye kiwanja chetu kupalilia mihogo yake.

Simu nimeizima mwenyewe. Ilikuwa inaanza kuita kabla sijanawa uso.

Nilikopa kwa ajili ya nyumba ya Mtawanya. Mwakani nastaafu, na nilitaka nikitoka kazini tusibaki kuwa wapangaji. Mkopo wa benki ulikuwa umeshakula nusu ya mshahara, na ukuta ulikuwa umesimama bila mabati, unanyeshewa. Nikaenda kwa watu wa kausha damu, hawa wanaokaa na kadi yako ya benki. Siku ya mshahara nasimama na mmoja wao kwenye mashine, yeye ndiye anayebonyeza, kisha ananinyooshea kilichobaki kama mtoto anayetumwa dukani. Kilichobaki hakifiki popote, kwa hiyo nakopa kwenye simu. Deni la simu nalilipa kwa mkopo mwingine wa simu. Mabati yapo juu, Lucy, lakini mimi nimebaki chini yake.

Ule ujumbe uliopata wewe, kwaya nzima ya usharika imeupata. Mwinjilisti alinijia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Jumapili navaa, naaga naenda ibadani, halafu nakaa na mlinzi kule ghalani bandarini mpaka watu watoke. Mama yako anajua nadaiwa. Hajui nadaiwa na wangapi.

Sasa, Hashimu, mwenzangu wa ghalani, yule aliyekuletea madafu ulipomaliza kidato cha nne, amenipeleka kwenye kampuni moja karibu na soko. Inaitwa Tua Mzigo. Alinipokea bwana mmoja, Josephu, mpole, akanivutia kiti kabla ya kuniuliza jina.

"Mzee, unadaiwa na wangapi?"

Nikamtajia. Hakushtuka. Ni mtu wa kwanza ambaye hakushtuka.

"Wote tutawalipa sisi. Wewe utabaki na mmoja tu wa kumlipa, ambaye ni sisi."

"Na nyie mnapata nini?"

"Ada ya huduma, mzee. Kidogo kidogo, kila mwezi."

Hashimu anasema wake wamelipwa wote, simu yake imenyamaza. Lakini mimi nimeogopa watu, mwanangu. Kila aliyenipa hela alianza kwa kunivutia kiti. Akili yangu imechoka, siwezi tena kupima jambo. Wewe umesoma. Niambie niende au nisiende. Utakachosema nitakifuata.

Baba yako


Kasulu, 21 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi chooni kwa walimu, maana hakuna pengine pa kujificha hapa. Nimelia kidogo, nimenawa, nimerudi darasani.

Nimefanya nilichoweza. Nimewapigia hao Tua Mzigo kana kwamba mimi ndiye mdaiwa. Aliyepokea alinijibu vizuri, akanieleza ofisi ilipo na mlango wa kuingilia. Mume wa mwalimu mwenzangu anafanya kazi idara ya biashara kwenye halmashauri. Nilimwomba aulizie kwa watu wake wa huko Mtwara. Kampuni ipo, leseni wanayo, kodi wanalipa. Nikampigia na Hashimu. Anasema, "Mwanangu, mimi sasa ninalala." Hivyo tu.

Nimetafuta mahali pa kushika ili nikwambie usiende, sikupaona. Nimetafuta pa kushika ili nikwambie nenda kwa moyo mweupe, napo sikupaona. Ningekuwa karibu ningekwenda kuonana nao ana kwa ana, niwatazame usoni. Kutoka huku hadi huko ni safari ya mabasi matatu, na shule haina mwalimu wa kunishikia zamu.

Lakini siwezi kukuacha ukae ghalani kila Jumapili. Nenda, Baba. Ila hati ya kiwanja usiwape. Wakiitaka hati, inuka uondoke. Na kila mwezi nitakutumia kidogo kupitia kwa Mama, nikimwambia ni ya dawa za magoti.

Mwanao,
Lucy


Rahaleo, 22 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tulizungumza Jumapili kwenye simu, najua, lakini mambo mengine hayasemeki Mama yako akiwa amekaa pembeni.

Wamelipa. Wamewalipa wote, Lucy. Yule wa kadi alinirudishia kadi yangu mbele ya Josephu, akanipa na mkono. Wa kwenye simu nao wamenyamaza. Wiki ya kwanza nilikuwa nashtuka simu ikilia, nikiitazama naona ni wewe au ni shangazi yako. Jumapili ya pili baada ya Pasaka nimeingia kanisani kwa mlango wa mbele. Nilikaa sauti ya nne, mahali pangu, wakasogea kunipisha kama vile nilikuwa safarini.

Sasa la hati. Usinikasirikie. Nilipokataa, Josephu hakugombana nami. Alifunga faili, akasema, "Sawa mzee, ni uamuzi wako." Akaniachia mlango wazi. Nikafika mpaka barabarani. Pale pale simu, ambayo nilikuwa nimeiwasha ili nimpigie Josephu kabla ya kufika, ikaanza kuita. Sikuipokea. Nikarudi ndani.

Walitaka na sahihi ya Mama yako, kwa kuwa kiwanja ni chetu wote wawili. Ikabidi nimweleze yote. Alinisikiliza huku anamenya mihogo, hakuinua uso. Mwishoni akaniuliza neno moja tu: "Lucy anasemaje?"

Nikamwambia umekubali.

Hukukataa mkataba, ulikataa hati. Nikajiambia si uongo. Akafuta mikono kwenye kanga, akasaini, wala hakuuliza karatasi imeandikwa nini.

Malipo yao si madogo kama nilivyodhani, lakini ukiniongezea ile yako nitafika. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako


Kasulu, 14 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Mimi nina mafua tu.

Sina hasira. Nimefurahi kwamba umerudi kwenye kwaya, hilo nalisema kutoka moyoni. Lakini naomba unitumie mkataba. Mpe kijana yeyote mwenye simu nzuri aupige picha, kila ukurasa, pamoja na maandishi madogo. Nataka kujua ukichelewa mwezi mmoja wanafanya nini. Nimekuuliza kwenye simu mara kadhaa, unanijibu habari za hali ya hewa.

Mwanao,
Lucy


Kasulu, 8 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, popote ulipo.

Tangu Mama alipotoka hospitali, baada ya ule upasuaji wa Juni, nimezungumza naye kwa kifupi tu, na sasa simu yake pia imezimwa. Yako haipatikani tena. Nilimpigia Hashimu. Alisema, "Muulize baba yako," akakata.

Ujumbe wa kukudai haujaja safari hii. Nakaa nikiusubiri, maana ungekuja ningejua angalau ni jambo gani. Kunyamaza huku ndiko kunakoniogopesha.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Lucy


Mtawanya, 13 Oktoba 2024

Mwanangu Lucy,

Marahaba, mama. Tuko hai. Mama yako kidonda kimefunga, anatembea, anakusalimu. Unisamehe kwa kimya changu.

Unaona nimeandika Mtawanya. Ndiyo, tumehamia. Lakini soma mpaka mwisho.

Mama yako alipolazwa, nililipa hospitali kwanza. Nilifikiri mtu atamlaza mkewe halafu akimbilie kulipa kampuni? Juni sikupeleka, Julai nikapeleka pungufu. Nilikwenda kumweleza Josephu. Alinivutia kiti kama siku ile ya kwanza. Alisema, "Pole sana, mzee. Mama anaendeleaje?" Halafu akafungua mkataba, akanionyesha kwa kalamu: ukichelewa mara mbili, dhamana inauzwa. Sahihi yangu ipo, ya mama yako ipo. Hakuna alichoficha. Mimi ndiye sikusoma.

Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo ni nyumba yetu."

Akasema, "Nafahamu, mzee." Na nilimtazama usoni, Lucy, anafahamu kweli.

Dalali alikuja Septemba na spika juu ya gari. Mama yako alikuwa shambani, palepale kwenye mihogo. Aliinama akaendelea kupalilia wakati nyumba inatajwa bei nyuma yake. Watu walikuwa wachache. Aliyenunua ni Bwana Athumani, mnunuzi wa korosho, na bei aliyonunulia hata mabati tu hayatoki. Hela kidogo iliyozidi deni, kampuni ilisema imeishia kwenye gharama.

Kodi ya Rahaleo ilikuwa imeshanishinda. Bwana Athumani alituona tumesimama na vyombo, akasema tukae kwenye banda la uani ili nimlindie magunia, maana vyumba amevijaza magunia matupu akisubiri mnada wa korosho. Ni muungwana, sina neno naye. Alinunua kilichouzwa. Amemruhusu na Mama yako avune mihogo yake. Kwa hiyo mchana niko bandarini, nikirudi ndio mlinzi wa nyumba niliyoijenga. Mvua ikinyesha nasikia mabati yanalia juu ya magunia, na sisi huku bandani tunahamisha godoro.

Hashimu naye ameuziwa shamba lake la mikorosho. Wapo na wengine, wengi kuliko nilivyodhani, hata walimu. Wamekusanyika, wamepata wakili kutoka Lindi. Anasema mkataba una kasoro, ada haikuelezwa ipasavyo, nyumba zinaweza kurudi. Anataka kila mmoja asaini kumpa idhini, na atoe mchango wa kufungulia kesi. Nilikwenda kumsikiliza. Anaongea vizuri. Nikamuuliza Hashimu, "Ni wakili wa kweli huyu?"

"Wa kweli kabisa. Tumeulizia."

Nikamwambia, "Tua Mzigo nao walikuwa wa kweli."

Mama yako anasema yeye hasaini tena karatasi yoyote hapa duniani, hata ya kupokea kanga ya bure. Lakini jana aliniuliza kama nimekuandikia. Hakusema ni kwa ajili ya nini. Basi nimekuandikia. Nikisaini na ikawa kama ile ya kwanza, hata hili banda sijui kama litatubakia. Nisiposaini, wenzangu wakishinda, nitawatazama wakirudi majumbani kwao huku nimeshika tochi ya Bwana Athumani. Sijui, mwanangu. Mwisho wa mwezi ujao ndio mwisho wa kusaini.

Baba yako


Kasulu, 3 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nisalimie Mama, mwambie nimepata salamu zake.

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nilianza kukuandikia "saini," nikachana. Nikaandika "usisaini," nikachana tena. Nimemuuliza yule mume wa mwalimu mwenzangu habari za wakili wa Lindi. Amesema ataulizia. Nikamwambia asiulizie. Najua jibu atakaloleta: yupo, leseni anayo. Hata mwezi Machi niliuliza kama kampuni ipo, nikajibiwa kweli tupu. Sikuuliza inataka nini kwetu, na hata ningeuliza, simjui ambaye angenijibu.

Usijilaumu peke yako kwa ajili ya Mama. Aliuliza Lucy anasemaje, na Lucy alisema nenda. Hilo nitamwambia mwenyewe.

Sina jibu, Baba. Nimekaa nalitafuta kana kwamba liko mahali fulani nimelisahau, kumbe halipo. Wewe unadhani waliosoma wana kitu cha kupimia. Hatuna. Tunapiga simu tu, kisha tunaomba Mungu.

Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Alikataa, nikarudi kesho yake, nikarudi na keshokutwa yake, mwishoni akanipa wiki mbili bila malipo. Nauli nimeipata kwa kuuza baiskeli. Sikukopa, nakuapia. Natoka huku Jumatano. Barua hii huenda ikafika nikiwa nimeshafika, utaisoma nimekaa mbele yako.

Usisaini na usikatae mpaka nije. Sisemi hivyo kwa kuwa nikija nitajua. Tutakaa hapo bandani, wewe, mimi na Mama, tutamsomea Mama kila mstari wa karatasi ya wakili kwa sauti, na yeye ndiye wa kwanza kusema. Baada ya hapo, kama bado hatujui, basi tutakuwa watu watatu wasiojua, wala si kila mtu peke yake.

Mwambie Mama asinipikie kitu maalumu.

Mwanao,
Lucy