Mkwe Wangu Anatengeneza Kompyuta, Mimi Niko Nyuma ya Mlango

Shangazi Melania, pokea salamu za baridi ya Kasulu. Najua unaandikiwa na watu wenye makubwa kuliko langu, lakini hili linaninyima raha, naomba unishike mkono kabla Pasaka haijafika.

Mimi ni mjane, ni katibu wa ofisi ya kanisa letu, na binti yangu Deborah amechumbiwa na kijana wa Nyakitonto, mahari imeshapokelewa, harusi inasubiri mavuno tu, na kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni wala hawali pamoja, ndivyo nilivyolelewa na sioni aibu kusema. Sasa kompyuta ya ofisi ikaingiwa na virusi, ikawa inajizima yenyewe, mchungaji akasema yupo kijana aliyejifunza kompyuta kwenye mashirika ya wakimbizi kule Kibondo, aitwe, na Shangazi, nilipokwenda kumpokea huyo fundi nikakuta ni mkwe wangu! Nilijifunika kitenge usoni nikatokea mlango wa nyuma.

Akafuta kila kitu, akaweka Windows upya, lakini mashine ilipowaka maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango, rangi zimekufa, na printa ukiipa ukurasa mmoja inatema makaratasi kumi yenye alama za ajabu, nikajua basi, ameiua. Deborah ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati yetu, akaniletea maelezo kwamba kila kifaa kina programu yake ndogo, inaitwa draiva, bila hiyo kompyuta haijui kukitumia, na zetu zilifutika pamoja na virusi, kwa hiyo ni lazima zitafutwe moja moja. Kijana akafungua boksi, akamulika kwa tochi, akasoma maandishi madogo kwenye kadi ya skrini, akapanda lori la mahindi mpaka Kibondo kwenye ofisi yenye mashine kama yetu, akarudi na disketi ameifunga nailoni na kuificha ndani ya shati ili vumbi lisiiguse, na skrini ikarudi kama zamani. Nilichungulia dirishani nikaona rangi zangu, machozi yakanitoka.

Ikabaki printa. Draiva yake ilikuwa kwenye disketi iliyokuja nayo, na hiyo huwa naitunza kwenye pochi yangu, na pochi siku hiyo nilipomkimbia tena niliiacha mezani, karibu na mkono wake. Akaiona disketi inachungulia. Lakini mkwe hagusi pochi ya mama mkwe, na Deborah alikuwa amekwenda sokoni, na akina mama waliokuja kwenye kongamano la kanisa walikuwa uwanjani wanangoja vijitabu vyao vya nyimbo, basi kijana akakaa ameweka mikono mapajani asubuhi nzima, kilichomleta kiko mbele yake, na mimi niko nyuma ya mlango nimebana pumzi. Mwishowe nikamsikia anausalimia ukuta kwa Kiha, "Mwakeye. Kama kuna mtu huko nje, mimi natoka kidogo. Nikirudi nikikuta disketi ya printa iko mezani, nitashukuru." Akatoka mbele, nikaingia nyuma, nikaiweka, nikakimbia. Baada ya muda nikasikia printa inachapa, na akina mama wanapiga vigelegele.

Sasa mchungaji anataka kumwajiri moja kwa moja, na ofisi yetu ni chumba kimoja. Shemeji yangu Melkiadi, anayesimamia posa, amesema kijana achague, kazi au mke. Na kijana amemtuma Deborah kwangu mimi mabukwe wake, ndivyo tunavyomwita mama mkwe: "Mwambie mabukwe asihangaike, kazi nitaikataa." Shangazi, hana kitu huyo, ana shamba la maharage tu, na sijawahi kuona kijana mwenye akili na adabu ya namna hii. Jibu linatakiwa Jumatatu ya Pasaka. Nimwache aikatae riziki yake kwa ajili yangu, au niache kazi mimi, wakati ndiyo inayosomesha wadogo zake Deborah?

Esteri N., Kasulu

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Deborah, pole, na hongera sana. Hapa mezani nina barua za wakwe walevi, wakwe waliouza mbuzi wa watu, wakwe waliohama bila kuaga. Wewe unalia kwa sababu wako ana heshima kupita kiasi! Fundi wetu wa kompyuta hapa gazetini nilimsomea barua yako, akasema kutafuta draiva huku disketi huna kunawafanya watu wazima watukane. Mkwe wako ameifanya kazi hiyo kwa kumtumia mjumbe na hakupandisha sauti. Nimempenda kabla sijamwona.

Lakini wewe, mama, ngoja nikuseme. Ulijua kijana amekwama, ulijua anachokitaka, ukabana pumzi asubuhi nzima! Mila ni yenu wawili, mbona mzigo anaubeba peke yake? Yeye ndiye anayetoka nje, yeye anangoja, na sasa yeye ndiye anayekataa kazi. Wewe umebeba kitenge tu.

Usiache kazi. Wala yeye asikatae. Nenda kwa Melkiadi mwenyewe, usimtume binti, ukamuulize: zamani mama mkwe akiugua, na mwanamume pekee aliyepo ni mkwe, aliachwa afe au alibebwa kwenye machela? Hatakosa jibu, na akiona aibu kulisema, wazee wa kike wapo. Waulize mwiko hulegezwaje kwenu, kwa zawadi, kwa chakula, au kwa neno mbele ya koo mbili, mkalifanye kabla ya Pasaka. Wakishindwa kabisa, kanisani kwenu hakuna seremala? Pigeni ukuta wa mbao katikati ya chumba, kila mtu na mlango wake, printa ikae upande wa kijana.

Ila neno la kwanza litoke kwako. Mkwe hawezi kukuomba umfungulie mlango, na ndiyo maana anachagua kukosa. Jumatatu ya Pasaka nenda kwa mchungaji mwenyewe, na kijana awepo, hata kama atasimama kule uani amekupa mgongo. Mchungaji akiuliza jibu, usimwache kijana afungue kinywa. Sema wewe, kwa sauti ya kufika uani: "Mkwe wangu anaanza lini?"