Muosha Aliyekataa Kuoshwa

Baba,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha chupa yako ya chai, kilichotokea jikoni kwetu Jette, huku ughaibuni, baada ya kuniponyoka mikononi. Marehemu ameacha kifuniko kimoja. Habari ziwafikie vikombe vyote popote vilipo.

Najua ungesema, "Mikono gani hiyo, Saidi? Umeazima?" Ndiyo hiyo hiyo, Baba. Ya mwanao, mlinzi wa mlango kule kwenye maofisi ya Schuman, anayepewa sare mpya na bado anaonekana kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Nyumba imenyamaza. Kitanda chako cha wagonjwa wamekichukua. Zimebaki alama za miguu yake kwenye zulia, nami nazizunguka kana kwamba bado umelala. Maman Odette, yule muuguzi wa Lubumbashi aliyekuwa anakuja kukuhudumia, alipita juzi kutoa pole. Tukacheka, halafu tukashindwa kucheka. Alikumbuka ulivyomfukuza siku ya kwanza. Wewe, uliyeosha maiti kule Tanga nusu ya umri wako, ukamwambia, "Mimi naosha, sioshwi. Ngoja nife kwanza." Naye: "Bon, papa, nitangoja. Lakini mayi itapoa."

Hata mimi ulinikatalia. Mpaka ulipoanguka bafuni ukijitawadhisha. Magharibi ilipoingia ukasema, macho ukutani, "Nimekuwa mchoyo, Saidi. Thawabu za kuosha wenzangu nilizibeba zote. Wewe utazipata wapi usipopata mgonjwa?" Ukaninyooshea mkono.

Uliswali miaka yote ile, Baba, lakini nadhani ibada iliyokuwa ngumu kwako kuliko zote ni ule mkono.

Basi kwaheri. Nenda salama. Nakuahidi, siku nitakayoletewa maji kitandani, sitabishana na mtu.

Ila Tanga wananiuliza kwenye simu kama ulifia kwenye swala. Nawajibu Mungu ndiye ajuaye. Wewe nitakwambia, ingawa ulikuwepo. Ilikuwa Alasiri. Nakutawadhisha, nimeshalowesha shuka, umeshanigombeza. Nikaosha mguu wa kulia, nikipitisha kidole katikati ya vidole vyako kama ulivyonifundisha. Nikashika wa kushoto. Ukawa mzito. Nikakuita. Nikakuita tena.

Sikujua la kufanya, Baba. Nikauosha, mpaka kifundoni.